Siku moja maishani mwangu: Kiangazi katika Msitu wa Harvard

Saa 12 asubuhi. Hapa Petersham, Massachusetts, kwenye msitu wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, jua la Juni limeshachomoza zamani. Nachomekea suruali ndani ya soksi na kupuliza dawa ya kupe kwenye buti. Kupe wa huku ni wadogo kama ufuta, na ndio wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo hakuna anayeingia msituni hivi hivi. Jikoni kila mtu anajifungashia chakula cha mchana. Mimi nachukua mkate, mayai ya kuchemsha na maji mengi.

Saa 2. Gari linatuacha kando ya barabara, tunaendelea kwa miguu. Katikati ya miti unakutana na kuta za mawe, ndefu, zimeota kuvu na kuota ukimya wa miaka mingi. Karne ya 19 haya yote yalikuwa mashamba na malisho. Wakulima walipohama, miti ikarudi yenyewe. Mimi nimezaliwa Kilifi, nimezoea kuona shamba likiumega msitu. Kuona msitu ukilimeza shamba bado kunanishangaza kila asubuhi.

Saa 2 na nusu mpaka saa 6 ndiyo kazi yenyewe. Tuko kwenye jaribio la mihemloki, miti ya kijani kibichi mwaka mzima ambayo kivuli chake ni kizito kiasi kwamba chini hakuoti mengi. Inauawa na mdudu mdogo aliyetoka Japani. Hujibandika kwenye kitawi pale jani linapoanzia, hufyonza chakula cha mti na kujifunika kitu cheupe mfano wa pamba. Wenye misitu wengi wakisikia anakuja, hukata mihemloki mapema wauze mbao. Je, mti kufa umesimama na mti kukatwa, ni yale yale kwa msitu? Ili kulijibu swali hilo, mwaka 2005 watafiti walichubua magome ya mihemloki katika baadhi ya maeneo ili ife taratibu ikiwa imesimama, kwingine wakaikata, na kwingine wakaiacha. Tangu hapo maeneo hayo yanapimwa.

Na wanaopima kila kiangazi, kwa sehemu kubwa, ni wanafunzi wa shahada ya kwanza kama sisi.

Mwenzangu ametoka Puerto Rico. Yeye anazungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Vipimo vya utepe huu vimeshagawanywa kwa pai (3.14), kwa hiyo unasoma kipenyo moja kwa moja bila kupiga hesabu. Anataja namba, mimi nairudia kwa sauti, ndipo naandika, kwa penseli, maana wino hauvumilii mvua. Kisha tunalaza fremu ya mraba chini na kuhesabu miche, mmoja mmoja, tukiinamia kila kijani. Pale mihemloki ilipokufa, jua limeingia na miche ya miti ya majani mapana imesongamana. Chini ya mihemloki iliyo hai unaweza kupita fremu baada ya fremu bila kuandika chochote. Sifuri nayo inaandikwa. Ni data.

Mchana tunakula tumeketi kwenye gogo, mbu wakituandama.

Saa 8 tunarudi kuingiza namba kwenye kompyuta, na huyu anasahihisha za yule. Watu huiona kazi hii kuwa ya kuchosha, lakini mimi naithamini sana. Namba yangu inakaa kwenye safu moja na za wanafunzi waliopita hapa nikiwa bado shule ya msingi. Karibu na hapa kuna jaribio jingine ambamo udongo umepashwa joto nyuzi 5 zaidi tangu 1991, kwa nyaya zilizofukiwa. Rekodi ndefu namna hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja.

Saa 12 jioni tunakula pamoja, kisha mtafiti mmoja anatueleza kazi yake.

Saa 3 usiku. Binamu yangu aliyeko Lowell ameniuliza kwenye WhatsApp kama nafasi hizi za utafiti wa kiangazi ni za wenye alama za juu tu. Nimemjibu kirefu. Unalipwa posho, na malazi unapewa. Zinazogharamiwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, NSF, huitwa REU (Research Experiences for Undergraduates, yaani utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza), na zinataka uwe raia au mkazi wa kudumu, kwa hiyo mwenye green card kama yeye anaruhusiwa. Ziko sehemu nyingi, si hapa tu. Si lazima uwe umeshafanya utafiti. Aeleze swali linalomkosesha usingizi, na asione haya kuandika kwamba amelima na bibi yake, maana aliyepalilia anajua kuangalia mche. Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Machi, na barua za walimu za kukupendekeza ndizo huchelewesha watu, kwa hiyo Septemba chuo kikifunguliwa aanze na mwalimu wake wa biolojia.