Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani na shingo yake

Saa 12:00 asubuhi. Kabla sijatoka kitandani, nikiwa bado chali, naanza mazoezi ya shingo yangu inayouma, kwanza kidevu. Naitikia "ndiyo" kwa kichwa, kidogo mno hata aliye karibu asione, nashikilia sekunde 10, naachia. Mara 10. Linaonekana zoezi la mchezo, lakini wiki ya kwanza sekunde ya 4 tu nilikuwa natetemeka. Linaamsha misuli midogo ya ndani, ile inayolala mbele ya pingili 7 za shingo. Misuli ya nje ikitutumka kooni kama kamba, ujue umetumia nguvu kupita kiasi.

Saa 2:00. Cherehani. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na nikikiinamisha juu ya sindano, mzigo wote unabebwa na ukosi. Kwa miaka nilikilaumu kiti. Kumbe nilikuwa nainama kwa sababu sioni mshono! Nikasogeza taa, nikainua meza kwa vipande vya mbao, nusu ya kuinama ikaisha.

Saa 4:00. Sihitaji kengele ya kunikumbusha kupumzika: bobini ikiisha uzi, nasimama. Navuta mabega nyuma na chini, nayalegeza, narudia. Mteja mmoja alinikuta hivyo akauliza, "Fundi, unaomba dua?" Nikamwambia naombea suruali yake.

Saa 7:00 mchana. Nakula. Hakuna la kusimulia.

Saa 9:00. Ndiyo saa ya shingo kuuma. Zamani ningemwomba mtu aizungushe ghafla mpaka ilie; mtaalamu wa fiziotherapia alinikataza. Sasa naweka kiganja pembeni mwa kichwa, nasukumana nacho bila kichwa kusogea, sekunde 5 kila upande. Maumivu madogo yanayotulia baadaye hayanitishi. Ganzi mikononi, vidole kukosa nguvu, au kuyumba nikitembea, hapo ningeacha mazoezi na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Saa 12:00 jioni. Mkanda wa mpira, mara 3 kwa wiki. Naufunga kwenye nguzo na kuuvuta kama napiga makasia, seti 3 za mara 10. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea: nilijinyoosha tu, na misuli dhaifu iliyonyooshwa inabaki dhaifu. Kosa jingine lilikuwa kukaa wima kama askari wa gwaride. Siku 2 tu, mgongo nao ukaanza kulalamika. Mtaalamu alicheka, akasema hakunituma nigande, alitaka nisikae mkao mmoja muda mrefu.

Saa 4:00 usiku. Mto mmoja, si miwili. Wiki ya 9 hii; bado inauma, ila leo mtu aliniita kwa nyuma, nikageuza shingo peke yake, mwili ukabaki ulipo.

Kesho kuna suruali 6 za kupinda. Bobini nimezijaza uzi nusu tu, makusudi.