Viwavi wa mlimau darasani kwetu

Walimu wenzangu, msiwape viwavi wa mlimau kabichi! Ushauri wa kuwapa kabichi nilipewa na mtu anayejiita mjuzi wa wadudu, nao uliniulia viwavi tisa.

Nafundisha darasa la tatu hapa Jinja, Uganda. Nyuma ya jiko la shule pana mlimau, na kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano huja kutaga pale, yai moja moja kwenye majani machanga. Yai ni dogo kama kichwa cha pini, la njano iliyopauka. Watoto waliyaona mayai hayo kabla yangu.

Mara ya kwanza niliwatia viwavi kwenye chupa ya kioo pamoja na kabichi. Hawakuigusa. Kila asubuhi tulikuta wengine wamekufa, na binti mmoja alilia hadi mapumziko. Kumbe kiwavi huyu anataka majani ya mlimau, mchungwa, mdimu na jamii yake. Ukimpa kingine, atakufa na njaa huku amekikalia.

Mara ya pili nilichomeka tawi la mlimau kwenye chupa ya soda yenye maji. Usiku viwavi wawili waliteremka kwenye kikonyo, wakazama. Hapo ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia mpaka leo: nikaziba mdomo wa chupa kwa pamba, nikaikaza kuzunguka tawi. Majani hayanyauki upesi, na kiwavi hapiti. Juu nikafunika kipande cha chandarua kikuukuu. Pamba ilikuwa kama shilingi elfu mbili tu. Majani chumeni kwenye mti msioupulizia dawa.

Wakiwa wadogo wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege, ndiyo maana ndege hawawataki. Baadaye wakageuka kijani. Mvulana mmoja akamgusa mmoja kwa kalamu, zikachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali! Darasa zima lilipiga kelele. Tuliwapima kwa rula hadi mkubwa wao akafika sentimita 4 na zaidi.

Kipepeo wa kwanza alitoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, katikati ya kipindi cha hesabu, mabawa yamekunjamana. Tukaacha hesabu, tukakaa kimya mpaka yakanyooka. Saa ya chakula tulimfungulia chandarua. Tangu siku hiyo watoto wamemwomba mama mpishi asikate tena tawi lolote la mlimau ule, naye amekubali.