Besi Niliyoipima kwa Tepu ya Fundi Nguo

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, kibaraza changu hakiko mbali na soko kuu, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiniona nimebeba gitaa la besi mgongoni huuliza nampelekea nani. Kwenye kwaya zetu besi ni sauti ya nne, ya wanaume, wale wa safu ya nyuma wenye makoo mazito. Mwanamke akisema besi ni yeye, lazima mtu acheke.

Ilianza pale mpiga besi wetu alipohamishwa kikazi. Gitaa lilikuwa lake, akaondoka nalo. Mpiga kinanda akatuambia tusiwe na wasiwasi, mkono wake wa kushoto utaziba pengo. Uliziba kwa miezi minane hivi, na kwaya ikawa inasikika kama simu iliyotumbukizwa kwenye glasi. Kwenye kikao nikanyoosha mkono. Mwalimu wa kwaya akaniangalia kwa juu ya miwani. "Mama, wewe?" Mimi.

Gitaa la kwanza nililinunua kwa macho. Duka moja la Dar lilinitumia picha kwa WhatsApp: jekundu, linang'aa kama gari la bwana harusi, nyuzi tano. "Hilo ndilo la kisasa, dada," muuzaji akasema, "nyuzi nne ni za wazee." Nikatuma 550,000, pesa ya sare za shule za msimu mzima. Lilikuja kwa basi limefungwa maboksi matatu. Nililipenda kwa siku mbili.

Siku ya tatu kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilianza kufa ganzi. Shingo ya gitaa la nyuzi tano ni pana, na mkono wangu ni mfupi. Nikiufikia uzi mnene, kiwiko kinabanana na ubavu kama nimebeba ndoo kwapani. Na huo uzi wa tano wenyewe, ule mnene kuliko yote, sikuwahi kuutumia kwa faida. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la nyuzi nne unatoa mlio wa herzi 41 hivi, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Wa tano unashuka hadi karibu 31. Spika zetu mbili za ukumbini zilikuwa zikifika huko zinapumua tu. Zinatikisika, vumbi linaruka, sauti haipo.

Kilichonimaliza ni betri. Sikuambiwa kwamba magitaa ya aina ile yana betri ya volti 9 ndani, wala kwamba waya ukiuacha umechomekwa kwenye gitaa, betri inaliwa usiku kucha hata kama kila kitu kimezimwa. Mimi nilikuwa nauacha umechomekwa ili kesho nisihangaike. Siku ya tamasha la Pasaka, beti la kwanza besi ikakoroma kama mtu mwenye mafua, beti la pili ikakata. Nikabaki napapasa vitufe huku natabasamu. Pembeni nikausikia mkono wa kushoto wa kinanda ukishuka, tena kwa furaha isiyofichika.

Wiki ile nilikwenda mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, ninayemshonea kanzu. Nilikuwa nimesikia kwamba ujanani alipiga besi kwenye madansi, enzi ambazo mji huu ulikuwa na bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hilo jeneza ni la nani?"

Alilitoa kwenye begi, hakulichomeka popote. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akaupanua juu ya shingo ya gitaa, akautazama kwa muda. "Mkono huu na shingo hii, nani aliwafungisha ndoa?" Kisha akaniuliza swali lililonitia aibu kuliko lile la Pasaka: "Wewe ukishona suruali, unaanza na rangi au unaanza na kiuno?"

Tepu ilikuwa shingoni mwangu, maana sisi mafundi huisahau hapo hata tukienda msibani. Akaniambia nipime kutoka pale nyuzi zinapoanzia, kwenye kile kipande chenye mifereji, hadi kwenye freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukatiza shingo). Nikapata sentimita 43 na kidogo. "Zidisha mara mbili, ndio urefu wa uzi wako unaolia." Sentimita 86, yaani inchi 34. Ndio urefu ambao Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, aliutumia Marekani kwenye besi lake la Precision Bass mwaka 1951, na mpaka leo mabesi mengi duniani yanaufuata. Lakini yapo mafupi ya inchi 30, ambayo ukipima mpaka freti ya kumi na mbili unapata 38. Sentimita tano mtu anaweza kuzidharau. Mteja wangu akipewa suruali iliyozidi sentimita tano kiunoni, atanidharau mimi.

Akaniambia na upana wa juu, pale mifereji ilipo, nisiache kuupima. Ile Jazz Bass, besi nyingine ya Fender iliyotoka 1960, ina milimita 38 tu pale juu, na ndiyo maana wenye mikono midogo wanaipenda hata ikiwa ndefu. (Jina hilo lilimchekesha mzee. Bendi nyingi za hapa ziliitwa Jazz, ila walichopiga hakikuwa jazi ya Kimarekani.)

Jekundu nililiuza kwa kijana wa bendi ya harusi kwa 400,000. Uchungu nikaumeza.

Fupi likapatikana Kigoma. Mpwa wangu anayeishi mtaa wa Mwanga kulekule alinipigia simu kwamba jirani yake ana besi la nyuzi nne, la zamani, halipigwi. Nikamwambia asinitumie picha, anitumie kipimo. Akapima kwa rula ya mwanafunzi: 38. Nikapanda treni. Ni kilomita 400 na ushee, Urambo, Kaliua, Uvinza, na sikulala hata kidogo kwa kuwaza kwamba rula ya mtoto inaweza kuwa imekatika mwanzo.

Haikuwa imekatika. Gitaa lilikuwa baya kweli kwa sura, rangi ya chai iliyomwagika, limebanduka pembeni. Nikalinyanyua hadi jichoni, nikaiangalia shingo kwa urefu wake kama seremala anavyoangalia ubao: ilikuwa na mkunjo mdogo kuja mbele, haikuwa imepinda kwa ubavu. Huo wa mbele unarekebishika. Ikipinda kwa ubavu, au ikajisokota kama kamba, rudisha, hata kama ni la bure. Nikapiga kila uzi kwenye kila freti, moja moja, ishirini kwa nne. Nikaugusa uzi kwa ncha ya kidole juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, ukatoa ule mlio wa kengele; kisha nikaubonyeza palepale na kupiga. Sauti mbili zile zikipishana sana, gitaa halitakaa sawa na kinanda hata ulikaze vipi. Nikazungusha vitufe nikisikiliza mikwaruzo, nikatikisa jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Mwenye gitaa alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. "Mama," akasema, "unakagua gitaa au unakagua mkwe?" Alitaka 320,000, nikalichukua kwa 260,000 na nikamwongezea shukrani. Nilirudi na gitaa, chumvi ya Uvinza na dagaa, na behewa zima lilijua nina dagaa.

Na pikapu nayo tuelewane, maana huku pikapu ni gari. Kwenye gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inakaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa na kwenda kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti. Hili la Kigoma lina moja tu na halina betri. Lingekuwa na betri nisingelichukua hata kwa mahari.

Tatizo lake lilikuwa kile kipande cha mifereji. Kilikuwa cha plastiki, mifereji imelika mpaka nyuzi zinagusa freti ya kwanza na kuvuma kama nyuki. Mzee akanituma buchani. Nilifikiri natumwa nyama. "Mfupa wa mguu wa ng'ombe," akasema, "mkavu, usio na tundu." Tukauchemsha, tukauanika juani siku nne, nikaupeleka kwa seremala anayetengeneza vitanda vya mninga hapa mtaani. Aliukata kwa msumeno mdogo, akaupiga tupa na msasa. Harufu yake ilikuwa kama ya kwenye kiti cha daktari wa meno, wateja wangu wawili waliondoka. Mifereji tuliichimba kidogokidogo: unabonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, unaangalia pale kwenye freti ya kwanza, ukiona upenyo wa unywele tu, acha tupa. Tukizidisha, tunaanza na mfupa mwingine. Tulianza na mfupa mwingine mara mbili.

Nyuzi mpya nilipata za magitaa marefu. Zinafaa ukizipunguza, ila usikate uzi ukiwa umenyooka. Ukunje kwanza kwa plaizi palipo na kazi, kisha kata baada ya kona, la sivyo ule waya wa nje unafumuka mpaka chini na uzi unakufa. Na sikutumia mkasi wa kitambaa. Mkasi wa kitambaa kwangu hata karatasi haukati.

Mwezi wa nane likaanza kunikwaruza kiganja. Gitaa lilikuwa limezoea hewa ya ziwa. Kiangazi cha Tabora kiliikausha mbao ya shingo, ikasinyaa, na ncha za freti zikachomoza pembeni kama sindano kwenye mfuko wa fundi. Hizo ni za tupa laini, dakika kumi. Nyuzi nazo zikaanza kuvuma upya, maana shingo ikikauka inarudi nyuma. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu unachokifikia kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita. Nikakilegeza robo mzunguko, nikalala, nikapima asubuhi: bonyeza uzi freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, katikati pabaki nafasi ya kupitisha kadi ya mchango wa harusi. Kadi hizo mimi sijawahi kupungukiwa. Mvua zikianza nakikaza tena robo ile ile.

Kupiga kwenyewe kulinijia kwa solfa, ile do-re-mi ya kwaya. Nilikuwa nimejaribu video za kwenye simu, herufi na mishale, nikachanganyikiwa. Siku moja nikagundua kwamba do ikiwa kwenye uzi wa pili kutoka ule mnene, fa iko uzi unaofuata chini yake, freti ile ile. So iko freti mbili mbele ya fa. So ya chini iko juu ya do, kwenye uzi mnene, freti ile ile. Na umbo hilo halibadiliki! Mwalimu akipandisha wimbo, nausogeza mkono mzima, kama paterni ya gauni unayoisogeza juu ya kitambaa. Nyimbo zetu nyingi zinaishi kwenye do, fa na so. Usiku ule nilipiga nyimbo sita nikiwa nimekaa kitandani bila umeme, sikio nimeliweka kwenye pembe ya gitaa ili nisikie.

Vidole mzee alivipanga mwenyewe. Kule mwanzoni mwa shingo, freti zinapoachana kwa nafasi pana, nisitanue vidole vinne kwenye freti nne; cha shahada, cha kati, halafu cha pete na kidogo vibonyeze pamoja, freti tatu tu. Nibonyeze karibu kabisa na chuma cha freti. Ganzi haijarudi. Na uzi usioupiga, anasema, nao una mdomo, uufunge kwa kiganja. Hilo lilinichukua muda kuliko yote.

Lililobaki likawa mkono wa kushoto wa kinanda. Wapiga besi wawili kwenye wimbo mmoja ni matope matupu, hasa mmoja akienda so ya juu na mwingine so ya chini. Sikumwendea kwa maneno. Nilimwendea mpiga dramu, tukakaa Jumatano tatu mfululizo kabla ya mazoezi, mguu wake na kidole changu, wimbo wa mwendo wa rumba, do pamoja na mguu, kimya, kimya, so. Nilikuwa napiga noti chache mno hata naona aibu. Mazoezi ya Jumatano ya nne mpiga kinanda alisimama katikati ya wimbo, akatusikiliza, akaanza upya. Sikumtazama usoni. Nilitazama mkono: ulishuka kwenye funguo, ukapiga mara mbili, ukainuka, ukachukua leso mfukoni ukafuta jasho, na hiyo leso ukaishika mpaka beti la mwisho.