Mathayo 6 imenikamata
Jamani hii Mathayo 6 imenikamata kweli. Naisoma asubuhi kabla sijagusa simu, mstari mmoja mmoja bila haraka, na kumbe Yesu anataja sadaka, maombi na kufunga, zote anataka zifanyike sirini, kwenye kufunga anasema kabisa jipake mafuta kichwani unawe uso, watu wasijue. Basi nikifunga napendeza kama naenda harusini, hata nyumbani hawashtuki (na siwaambii ni siku gani 😄). Ila ngumu kuliko zote ni mstari wa 14, kusamehe, kuna mtu nikifika kwenye jina lake kwenye maombi ulimi unakuwa mzito hatari, lakini nalitaja hivyo hivyo kila asubuhi.