Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi na Injini ya Otter, Nyakato, Mwanza

Saa 12 asubuhi

Jambo la kwanza ninalolifanya kila Jumamosi nikishafungua karakana yangu hapa Nyakato ni kutazama rangi. Siku nyingine za juma ninatengeneza injini za boti na pampu za maji, lakini Jumamosi ni ya injini moja tu ya ndege: Pratt & Whitney R-1340, yenye silinda tisa zilizopangwa kwa duara, ambayo niliinunua kwa mfanyabiashara wa chuma chakavu kabla haijakatwa na kuuzwa kwa kilo. Katika matundu ya plagi zake nimefunga plagi za kukaushia zenye silika jeli, yaani chembe za kunyonya unyevu, ambayo hubaki ya buluu hewa ya ndani ikiwa kavu na hugeuka waridi unyevu unapoingia.

Jumamosi iliyopita ilitanguliwa na mvua ya usiku kucha, ile inayotoka ziwani na kupiga mabati hadi alfajiri, na plagi za silinda za chini zilikuwa zimegeuka waridi hadi nusu. Nilizimwaga chembe zake kwenye sinia la bati, nikaziweka juu ya jiko kwa moto mdogo mpaka zikarudia rangi yake. Sinia hilo halitumiki kwa chakula hata siku moja, kwa sababu rangi ya buluu hutokana na kobalti, nayo ni sumu.

Saa 2 asubuhi

Mzee aliwasili akiwa na miwani yake na daftari. Aliwahi kuwa fundi wa injini za ndege jeshini, na ndiye mwalimu wetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu ameamkaje?"

Baadaye kidogo akaingia binti anayesomea ufundi mitambo, ambaye huja Jumamosi kujifunza, na kazi ikaanza.

Nieleze kwanza kwa nini injini hii inastahili taabu yote hii. R-1340 ya kwanza ilikamilika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1925 huko Hartford, Marekani, na zaidi ya 34,000 zikatengenezwa baadaye. Namba 1340 ni ujazo wa silinda zote kwa inchi za ujazo, yaani karibu lita 22, na nguvu yake ni ya farasi 600. Injini za ukoo huu ziliendesha Harvard, ndege ya mafunzo ambayo Waingereza waliigeuza kuwa ya kudondosha mabomu dhidi ya Mau Mau nchini Kenya kuanzia mwaka 1953. Yetu, hata hivyo, ina pua ndefu yenye gia ya kupunguza mizunguko, ili injini ikizunguka mara tatu propela izunguke mara mbili, na hiyo ndiyo aina iliyofungwa kwenye de Havilland Canada Otter, ndege ya Kanada. Miaka ya 1960 Kanada ilisaidia kukiunda kikosi cha anga cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Otter ilikuwa miongoni mwa ndege zake za mwanzo, kwa kuwa iliweza kutua na kupaa kwenye viwanja vifupi vya udongo.

Tulianza kwa kusafisha upande wa nyuma. Tunatumia mafuta ya taa, brashi laini na vijiti vya mwanzi, na hatupulizi mchanga kabisa. Najua mafundi wengi hupenda kupuliza mchanga kwa sababu chuma hung'aa siku hiyohiyo, lakini mchanga hauchagui: unaondoa kutu pamoja na mihuri ya wakaguzi, rangi ya kiwandani na alama za mikono ya watu waliowahi kuihudumia mashine. Chini ya masizi binti aliibua muhuri mdogo wa duara, wa wino mwekundu, usiozidi ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Tuliupiga picha, tukaupaka nta, tukauacha ulivyo. Hata waya wa kufungia bolti, tukilazimika kuukata, tunauweka kwenye bahasha yenye namba, maana fundi mzoefu huweza kuutambua msokoto wa mwenzake.

Saa 4 asubuhi

Hapa ndipo kazi kubwa ya siku ilipokuwa. Katika injini ya duara silinda namba 1 iko juu kabisa, na namba 5 na 6 ziko chini, ambako mafuta na maji hujikusanya injini isipofanya kazi. Ndiyo maana marubani na mafundi wa ndege hizi huizungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha, kwani oili iliyojaa kwenye silinda ya chini haishindiliki, na injini ikilazimishwa hupinda au kuvunja kitu ndani. Pistoni ya namba 6 yetu ilikuwa imekwama kwa kutu.

Tulikuwa tumeigeuza injini kwenye stendi yake ili silinda hiyo itazame juu, tukamimina kupitia tundu la plagi mchanganyiko wa mafuta ya gia otomatiki na asetoni, na kuuacha ukae juu ya pistoni. Siku hiyo tulifungua nati za kitako cha silinda kwa zamu, moja huku na nyingine upande wa pili, kisha tukaning'iniza silinda kwa winchi ya mnyororo na kuivuta kwa nguvu ndogo sana. Mzee aliweka kiganja juu ya mapezi ya kupozea na kusikiliza, huku mimi nikigonga pembeni kwa nyundo ya mti.

"Usimlazimishe," alikuwa akisema kila nilipoongeza mkono. "Mwache aje mwenyewe."

Kulikuwa na mlio mfupi, mkavu, na silinda ikapanda kiasi cha unene wa sarafu. Kuanzia hapo ilikuja taratibu, binti akiikinga fito ya pistoni kwa mpira ili isiangukie mdomo wa kasha la injini na kuukwaruza.

Ukuta wa ndani uling'aa kama kioo isipokuwa mahali pamoja, ambapo ringi zilikaa miaka yote ile: mshipi wa kutu uliokwisha kula chuma. Kwa mashine ya kuruka, hiyo ni hukumu. Ningeweza kuukereza ukuta ule hadi alama zipotee, na kwa macho ya mgeni ingeonekana kazi nzuri, lakini tulikubaliana kuisimamisha kutu kwa oili ya kuhifadhia na kuuacha mshipi uonekane. Injini hii haitaruka tena, na sitaki idanganye mtu kwamba inaweza. Kutelekezwa kwake ni sehemu ya historia yake kama ilivyo safari zake.

Saa 7 mchana

Tulikula ugali na sato, na mzee akasimulia tena juu ya Machi 1979, wakati wa vita ya Kagera, Tu-22, ndege ya kudondosha mabomu ya Libya, ilipotumwa kuipiga Mwanza ikaukosa mji, na silaha zake zikaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Mimi nikamkumbusha kwamba mbingu hii ilizoea ndege zamani zaidi: Februari 1931 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, ilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na kutoka Khartoum abiria waliletwa hadi ziwani na ndege za kutua majini, Short Calcutta, ambazo jeshi la anga la Uingereza lilitumia ndugu zake kwa jina la Rangoon. Ya ndege hizo hatuna kipande hata kimoja cha kushika.

Saa 9 alasiri

Tulipima vali. Vali za kutolea moshi zina uwazi ndani uliojazwa sodiamu ya kusafirishia joto, na sodiamu ikikutana na maji huwaka kwa kishindo, kwa hiyo anayekata vali kama hizi kwa ajili ya chuma chakavu anacheza na mikono na macho yake. Saa za vipimo za ndege za zamani zina hatari yake pia. Tunayo moja ya kupimia mwinuko, yenye tarakimu zilizopakwa radiamu, madini ya mionzi, nayo imefungwa kwenye mfuko na haifunguliwi. Rangi yake haing'ai tena gizani, lakini mionzi haijaondoka, kwani nusu ya radiamu huhitaji miaka 1,600 kutoweka.

Saa 12 jioni

Niliandika daftari: tarehe, namba ya silinda, vipimo, picha, aina ya oili. Silinda ilifungwa kwa karatasi yenye nta, tundu la kasha likafunikwa kwa ubao na kitambaa safi. Jumamosi ijayo tutaihamia namba 5.

Kama wewe uko Kanda ya Ziwa na nyumbani kwenu kuna daftari la fundi wa ndege, kibao cha namba, au hata kipande cha bawa kinachoegemezewa banda la kuku, tafadhali usikipeleke kwenye mzani. Kipige picha kama kilivyo, usikisugue, kisha tafuta mtu wa kukutunzia.