Doha 2022: utamu wote ulikuwa njiani

Kutoka Al Bayt, uwanja ulioko kaskazini kabisa, mpaka Al Janoub kule Al Wakrah kusini, ni kilometa zipatazo 75 kwa barabara. Ni kama safari ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Ndani ya umbali huo Qatar ilibana Kombe la Dunia zima: viwanja vinane, timu 32 na mechi 64 kwa siku 29, kuanzia Novemba 20 hadi Desemba 18, 2022. Urusi mwaka 2018 shabiki aliifuata timu yake kwa ndege au kwa treni ya usiku kucha, na wageni aliokutana nao wengi walikuwa wa timu pinzani ya siku hiyo. Doha, Mmoroko, Mjapani, Muajentina na Mghana walipanda behewa moja kila siku, hata kama timu zao hazikukutana kamwe. Ndiyo maana anayetaka kujua shangwe za Doha zilipikwa wapi asianzie uwanjani. Aanzie kituo cha Msheireb.

Msheireb ndipo njia zote tatu za metro zinapokutana: Nyekundu, Kijani na Dhahabu. Mwenye kadi ya Hayya, ile iliyokuwa viza na kitambulisho cha shabiki kwa pamoja, alipanda bure. Treni zilianza saa 12 asubuhi na kukoma saa 9 usiku, isipokuwa Ijumaa zilipoanza saa 3 asubuhi. Kwa wa Afrika Mashariki kulikuwa na nafuu nyingine ndogo: saa za Doha ndizo saa za Nairobi na Dar, kwa hiyo hakuna kupiga hesabu wala kuamka umechanganyikiwa.

Viwanja vitano vilifikika kwa metro kisha miguu. Lusail ulishukia Lusail QNB, mwisho wa Nyekundu. Education City na Ahmad bin Ali vilikuwa kwenye Kijani, huu wa pili ukishukia Al Riffa. Khalifa ulishukia Sport City, na uwanja uitwao 974 ulishukia Ras Bu Abboud, vyote kwenye Dhahabu. Vitatu vilivyobaki vilihitaji basi juu ya metro: Al Bayt basi kutoka Lusail QNB, Al Janoub basi kutoka Al Wakrah, Al Thumama basi kutoka Free Zone. Hapo kwenye basi ndipo ratiba za wengi zilipovunjikia, kwa sababu treni inakuja kila baada ya dakika chache na foleni yake unaiona inasogea, ila foleni ya basi husimama ghafla na hakuna wa kukuambia kwa nini.

Tuchukue Novemba 28, siku ambayo mpenzi wa timu za Afrika alitamani kujigawa. Saa 7 mchana Cameroon na Serbia pale Al Janoub. Saa 10 jioni Ghana na Korea Kusini pale Education City. Saa 1 usiku Brazil na Uswisi kwenye 974, na saa 4 usiku Ureno na Uruguay pale Lusail. Kwenye karatasi mechi ya kwanza inaisha kabla ya saa 9, na ya pili iko umbali wa treni mbili tu. Kwa wengi haikuwezekana. Mwaka ule waamuzi waliagizwa kuhesabu kila dakika iliyopotea, kuanzia majeraha na VAR, yaani ukaguzi wa video, mpaka kushangilia magoli, na nyongeza zikawa ndefu: Uingereza na Iran peke yao walizidisha dakika zaidi ya 20 kwa vipindi vyote viwili. Mechi ya saa 7 ikiisha kwa magoli sita, 3-3, ndiyo kwanza saa 9 inagonga. Toka jukwaani, panga foleni ya basi, fika Al Wakrah, panda Nyekundu hadi Msheireb, badili kwenda Kijani, shuka, tembea, pita ukaguzi. Kufika kabla ya mpira kuanza kungekuwa bahati, na Ghana ilifunga mawili kabla ya mapumziko.

Kipimo cha busara kilikuwa mechi mbili kwa siku, ukiruka moja katikati: saa 7 na saa 1, au saa 10 na saa 4. Ile nafasi ya kati ndiyo ya kula, kuchaji simu na kukaa na watu. Waliojaribu kubana mechi tatu walimaliza siku wakijua vituo vingi na mashabiki wachache.

Kwenda kulikuwa rahisi kuliko kurudi. Kwenda, watu hufika kidogo kidogo kwa saa tatu. Kurudi, makumi ya maelfu husimama kwa dakika moja. Ili kituo kisifurike, wasimamizi waliweka vizuizi vya chuma vya kuzungusha watu kama nyoka, na kila baada ya muda walifunga mlango, wakaruhusu kundi, wakafunga tena. Pale Lusail mlango wa kituo ungeweza kuuona kwa macho na bado ukazungushwa mwendo mrefu kuufikia. Watu wengi walikasirika, wakadhani wamepotezwa makusudi. Walikuwa sahihi: mzunguko ule uliwekwa ili umati urefuke badala ya kubanana mlangoni. Dawa yake ni kukaa. Kipenga kikilia, baki kwenye kiti chako dakika 30 au 40. Ndio muda ambao Wajapani walikuwa wakitoa mifuko ya buluu na kuokota takataka, na Wasenegali wa kundi la 12e Gaïndé, waliojichora herufi za jina la nchi kifuani, walikuwa bado hawajachoka ngoma.

Na kwenye foleni hizo hizo ndipo ulipozaliwa wimbo wa mashindano, ambao haukutungwa na mwanamuziki yeyote. Kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 23, Abubakr Abbas, aliwekwa karibu na soko la Souq Waqif kwenye kiti kirefu kama cha mwamuzi wa tenisi, akapewa kipaza sauti na mkono mkubwa wa sponji wenye kidole, kazi yake kuonyesha watu njia ya kituo. Maneno ya kazi yalikuwa matatu: "Metro, this way", yaani metro ni huku. Akayatia mdundo. Yeye akiita "Metro?", umati unajibu "This way!" na kunyoosha vidole. Baada ya siku chache kila foleni ya Doha ilikuwa inaimba hivyo, hata pasipo na kiti wala kijana, na mwenyewe akaalikwa Al Bayt kuuimbisha uwanja kabla ya mechi ya Uingereza na Marekani. Anayejua makondakta wa matatu atatambua ufundi ule mara moja: neno fupi, sauti ya kupanda, na kiitikio kinachomfanya abiria asahau kwamba anasubiri.

Hakuwa peke yake. Wakenya na Waganda walikuwa wengi miongoni mwa walinzi na waelekezaji wa mashindano, na salamu ya Kiswahili ilifungua maelezo ambayo kwenye programu ya simu hayapo, kama mlango upi una foleni fupi na basi lipi linaondoka kwanza.

Kwa kukaa na kushangilia, Souq Waqif haikuwa na mpinzani. Ni soko la zamani lililojengwa upya, vichochoro vya viungo, vitambaa na ndege wa kufugwa, na njia pana katikati yenye migahawa pande zote. Watu walipangana kukutana kwenye sanamu ya dole gumba la dhahabu, kwa kuwa kila mtu aliweza kuelezea. Jambo la kuzingatia ni wakati. Kabla ya saa 12 jioni ni soko la kawaida. Baada ya mechi ya saa 1 linakuwa uwanja wa ngoma. Usiku wa Desemba 6, Morocco ilipoitoa Hispania kwa penalti 3-0 baada ya suluhu, hata Mtunisia, Mmisri na Msaudia walibeba bendera nyekundu yenye nyota ya kijani. Usiku kama huo usishindane na umati kwenye kituo cha Souq Waqif chenyewe. Msheireb ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu, na ukifika uko tayari kwenye njia zote tatu.

Chakula, achana na meza za mbele zenye menyu ya picha. Akina mama wa Kiqatari huuza pale pale sokoni regag, mkate mwembamba kama karatasi unaokaangwa kwenye chuma kipana na kupakwa yai au jibini, na balaleet, tambi tamu zenye iliki na kimanda juu yake. Mtu wa Pwani atacheka: tambi za sukari kazijua tangu utoto, kimanda ndicho kigeni. Machboos ni wali wa nyama wenye viungo, ndugu wa pilau. Na karak, chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikawa na rangi ya matofali, kwenye vibanda vya mitaani ilikuwa riyali moja au mbili. Linganisha na bia: nusu lita riyali 50, karibu dola 14, tena kwenye eneo rasmi la mashabiki na kuanzia saa 1 usiku tu. Kuuzwa kwake kuzunguka viwanja kulikatazwa Novemba 18, siku mbili kabla ya ufunguzi. Wazungu wengi walilalama, ila matokeo yake yalionekana wazi majukwaani: familia zenye watoto wadogo zilikuwa nyingi, na wanawake wengi walisema walitembea usiku bila kusumbuliwa.

Eneo hilo rasmi lilikuwa bustani ya Al Bidda, kando ya barabara ya ufukweni, Corniche, iliyofungwa kwa magari. Kiingilio bure, uwezo watu 40,000, skrini kubwa na muziki kati ya mechi. Usiku wa ufunguzi lilifurika mpaka ikawa hatari mlangoni. Funzo ni dogo: eneo la bure lisilo na tiketi ya kiti, siku timu mwenyeji inacheza, ingia saa mbili kabla au usiende. Siku nyingine lilikuwa zuri kwa mechi ya saa 7 mchana, wakati wengine wamelala. Kwa ladha halisi zaidi kulikuwa na Asian Town, upande wa eneo la viwanda, ambako wafanyakazi wa kigeni walitazama mechi kwenye skrini ndani ya uwanja wa kriketi. Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, Waganda, Wakenya. Wengi wao ndio waliojenga na kulinda viwanja ambavyo tiketi zake hawakuzimudu, ingawa wakazi walitengewa tiketi za riyali 40 kwa hatua ya makundi. Huwezi kuisimulia Doha ukaliacha hilo nje.

Simu ndiyo iliyoharibu siku za watu wengi kuliko hata timu zao kufungwa. Tiketi ilikuwa ndani ya programu, Hayya ndani ya programu nyingine, ramani ya tatu, na zote zinakula chaji. Novemba 21, kabla ya Uingereza na Iran pale Khalifa, programu ya tiketi iligoma na mamia walikwama nje wakati wimbo wa taifa unaimbwa ndani. Picha ya skrini haikukubaliwa. Kwa hiyo fungua tiketi ukiwa bado kwenye intaneti ya hotelini, iache wazi, na ukiwa na tiketi za wenzako wahamishie kila mmoja kwenye simu yake mapema. Kundi la watu wanne lenye tiketi zote kwenye simu moja ni kundi ambalo mmoja akienda chooni, wote wanasubiri.

Nguo nazo. Mchana wa mwisho wa Novemba ulifika nyuzi 30, watu wakavaa fulana pekee. Kisha wakakaa safu za chini za uwanja wenye viyoyozi, ambako hewa baridi hutoka kwenye matundu karibu na miguu, na kufikia dakika ya 60 wanajikunyata. Safu za juu hazikuwa na shida hiyo. Ni 974 tu, ule wa makontena, usiokuwa na viyoyozi, na ndiyo maana mechi zake zote zilipangwa usiku. Upepo wa bahari ulitosha.

Kulala ndiko kulikokuwa ghali: chumba cha kontena kwenye vijiji vya mashabiki kilianzia karibu dola 200 kwa usiku. Njia ya ujanja ilikuwa kulala Muscat au Dubai na kuruka asubuhi kwa ndege za siku ya mechi, ukarudi usiku. Mwenye shangazi au binamu Oman, na kwa watu wa Zanzibar si wachache, aliokoa fedha ya tiketi tatu. Shida yake ni mechi ya saa 4 usiku: ndege ya kurudi haikusubiri penalti.

Fainali ilichezwa saa 12 jioni, Desemba 18, siku hiyo hiyo ya Sikukuu ya Taifa ya Qatar. Watu 88,966 walikuwa Lusail. Argentina na Ufaransa 3-3, penalti 4-2. Wengi wasio Waajentina walikimbilia kituo mara tu penalti ya mwisho ilipoingia, wakakaa kwenye vizuizi vya nyoka. Waliobaki wakatoka polepole mpaka Lusail Boulevard, na baadaye usiku ule basi la wazi likapita hapo mbele yao, Messi juu, kombe mkononi.