Ukakasi kwenye bia ya nyumbani: maji ya bomba Dodoma

Chupa ya jana haina ukakasi hata kidogo, kwa hiyo naandika upesi kwa wenzangu mnaopika bia ya shayiri hapa Dodoma.

Bia yangu ilikuwa inakausha ulimi kama chai iliyochemka mno. Nilibadilisha hamira, nikabadilisha ndoo, nikanunua kimea kingine. Wapi!

Jibu lilikuwa kwenye birika: ule ukoko mweupe wa chokaa. Maji mengi ya mji huu hutoka visima vya Makutupora, na maji ya ardhini ya huku ni magumu, yana bikaboneti, madini yanayoacha ukoko huo maji yakichemka. Bikaboneti hupunguza uchachu wa kimea kinapolowekwa kwenye maji moto, na uchachu ukipungua, maganda ya kimea huachia tanini, kile kinachokausha ulimi hata kwenye chai. Ukakasi unatoka hapo.

Sasa nachemsha maji yote jioni, sufuria bila mfuniko, yatokote kwa nguvu nusu saa. Klorini inaondoka, chokaa inajitenga na kutua usiku. Asubuhi sikorogi wala simimini: navuta maji kwa mpira kutoka juu, naacha kina cha vidole viwili chini. Siri yote ipo hapo. Ukitikisa sufuria, chokaa inaingia kwenye kimea na kuyeyuka upya.

Maji ya kuongezea mwishoni nayo yapite njia hiyohiyo, jamani, msiyasahau.

Chumvi ya kawaida haiondoki kwa kuchemsha. Kama bomba lako lina ladha ya chumvi, changanya na maji ya mvua.